Viraka Vinavyosema: Blanketi la Viraka kama Sauti ya Mtu

Maandishi ya mazungumzo kwa vikundi vya ushonaji, mafundi wa nguo na wakazi wa Kaunti ya Kakamega

 

Ukiingia sebuleni mwa nyumba nyingi hapa Kakamega, iwe Lurambi, Butere au Malava, kabla mwenyeji hajaleta chai utakuwa umekwisha kusalimiwa na vitambaa. Viko juu ya viti, juu ya meza, juu ya redio na televisheni. Vingine vimefumwa kwa uzi mweupe. Vingine vimetariziwa maua, ndege, jina la ukoo, aya ya Biblia au maneno ya kumkaribisha mgeni. Mwenye nyumba alikaa jioni nyingi akivitengeneza, watoto wakiwa wamelala. Hakuna aliyemwagiza wala aliyemlipa. Rangi alichagua mwenyewe na maneno alichagua mwenyewe. Ukimuuliza kama yeye ni msanii, huenda akacheka na kusema anapamba nyumba tu.

Toka hapo uende kwa fundi wa nguo sokoni. Chini ya cherehani yake kuna rundo la vipande vya vitenge, pindo za sare za shule, masalio ya kitambaa cha suti na vipande vya leso. Jioni vipande hivyo hufagiliwa, vikatupwa au kuchomwa. Kila kimoja kilitoka kwenye nguo ya mtu fulani aliyekuwa akijiandaa kwa siku fulani: harusi, mahafali, ubatizo, mazishi.

Mazungumzo haya yanahusu kinachoweza kutokea pale vitambaa vya sebuleni vinapokutana na vipande vya chini ya cherehani. Yanahusu blanketi la viraka, ambalo watu wa pwani huliita mfarishi, na namna ambavyo watu wa kawaida, wengi wao wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwauliza maoni yao, wamelitumia kusema mambo yaliyokuwa moyoni.

Blanketi la viraka ni nini?

Blanketi la viraka lina tabaka tatu. Juu kuna uso uliounganishwa kwa vipande vya vitambaa. Katikati kuna kitu cha kuleta joto: pamba, blanketi kuukuu au shuka nzito. Chini kuna kitambaa kimoja kipana. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono inayopita zote tatu, juu hadi chini. Mishono hiyo ndiyo inayolifanya blanketi liwe blanketi, na mara nyingi huchora mistari, mawimbi au maua yake yenyewe juu ya vipande.

Kwa karne nyingi watu walishona hivi kwa sababu ya baridi na uhaba. Nguo ikichakaa, sehemu iliyobaki nzima ilikatwa na kuwekwa. Hata hivyo mkono unaochagua kipande chekundu kikae karibu na cha buluu umekwisha kuanza kusema jambo. Baadhi ya washonaji waliendelea na usemi huo hadi kazi zao zikatundikwa ukutani kama picha. Siku hizi kazi za namna hiyo huonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani.

Leso ilianza kwa kuunganishwa

Wapo watakaosema kwamba hii ni sanaa ya wageni. Hebu tazameni leso mliyojifunga leo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa vya mraba vyenye nakshi vilivyouzwa vikiwa bado havijatenganishwa katika jora. Neno leso lenyewe linatokana na jina la Kireno la kitambaa cha mkononi. Badala ya kuvitumia kimoja kimoja, wanawake walichukua vitambaa sita, wakavigawa vitatu vitatu, kisha wakashona safu hizo mbili pamoja. Kilichopatikana ni nguo moja pana ambayo mfanyabiashara hakuwa ameifikiria. Wenye viwanda walipoona jinsi ilivyopendwa, walianza kuchapa leso nzima ikiwa kipande kimoja chenye pindo na mji.

Baadaye yakaja maneno. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887 na ambaye leso zake zilijulikana kama Mali ya Abdulla, hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeeneza mtindo wa kuchapa methali na misemo. Mwanzoni maneno hayo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kilatini. Tangu hapo mwanamke aliweza kumwambia jirani, mume au wifi jambo zito bila kufungua kinywa. Alijifunga leso inayofaa, akapita.

Kwa hiyo vazi lililo maarufu kuliko yote miongoni mwa Waswahili lilizaliwa wakati wanawake walipounganisha vipande kwa sindano, na likakua likabeba maneno yao. Mkazi wa Kakamega anayeshona viraka leo anaendeleza kazi iliyoanzia nyumbani.

Wajukuu wa Afrika huko India

Sindano ya Mwafrika ilivuka bahari pia. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi watu wanaoitwa Siddi. Wazee wao walitoka Afrika, wakiwemo waliotoka upande huu wa mashariki. Wengi walipelekwa wakiwa watumwa, na baadhi yao walitoroka kutoka Goa, wakati huo koloni la Wareno, wakajificha misituni. Leo wanazungumza lugha za huko na wanafuata dini mbalimbali: wapo Wahindu, Waislamu na Wakristo.

Wanawake wa Siddi hushona mablanketi ya viraka yaitwayo kawandi. Huyashona kwa mkono kutokana na nguo zilizochakaa za familia. Mshonaji huanza kwenye pembe, huzunguka ukingo, kisha husonga ndani mduara baada ya mduara mpaka afike katikati. Kwenye pembe nne huweka vipande vilivyokunjwa ambavyo huviita maua. Kwao blanketi lisilo na maua hayo halijakamilika, ni kama mtu aliyetoka nje bila nguo.

Maua hayo hayaongezi joto hata kidogo, na familia inayolalia blanketi hilo haina fedha za kuchezea. Mama huyashona kwa sababu anataka kazi yake iwe na adabu na uzuri.

Harriet Powers na dola tano

Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, alizaliwa mwanamke aitwaye Harriet Powers mwaka 1837. Alizaliwa utumwani. Baada ya ukombozi, yeye na mumewe walipata shamba dogo. Mwaka 1886 alipeleka kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, blanketi alilolishona mwenyewe. Lilikuwa na visanduku 11, na katika kila kimoja alikuwa amebandika picha za kitambaa kutoka hadithi za Biblia: Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, Yakobo na ngazi yake, mpaka kusulubiwa kwa Yesu.

Mwalimu wa sanaa aliyeitwa Jennie Smith aliliona, akataka kulinunua. Powers alikataa. Miaka michache baadaye maisha yalikuwa magumu, naye akakubali kuliuza. Aliomba dola 10. Akapewa dola 5. Kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, na Smith akayaandika maelezo hayo. Baadaye Powers alirudi zaidi ya mara moja kwenda tu kulitazama blanketi lake.

Blanketi jingine aliloshona lina visanduku 15. Humo aliweka, pamoja na hadithi za Biblia, mambo ambayo watu wa kwao waliyasimulia kwa woga: usiku wa Novemba 1833 ambapo vimondo vilianguka kama mvua hata watu wakadhani mwisho wa dunia umefika, na baridi kali ya Februari 1895. Lile la kwanza liko leo katika jumba la taifa la makumbusho ya historia mjini Washington. La pili liko katika jumba la sanaa mjini Boston.

Kuna mafunzo mawili hapa kwa mshonaji wa Kakamega. La kwanza ni kwamba mtu aliyezaliwa bila haki hata ya mwili wake mwenyewe aliandika historia ya watu wake kwa mkasi na uzi, na historia hiyo ipo mpaka leo. La pili ni chungu: kazi ambayo leo inalindwa kama hazina ya taifa ilimpatia mwenyewe nusu ya bei aliyoomba. Mazungumzo haya yatarudi kwenye jambo hilo.

Mwandishi aliyekosa mchapishaji

Karibu na wakati wetu alikuwepo Faith Ringgold, mchoraji aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1930, akafariki mwaka 2024. Mama yake alikuwa mbunifu wa mavazi, na mwaka 1980 wawili hao walishona blanketi lao la kwanza pamoja. Ringgold aliandika kitabu cha maisha yake lakini hakupata wa kukichapisha wakati huo. Basi akachukua kitambaa. Kuanzia mwaka 1983 alishona mablanketi yenye picha na maandishi marefu yanayosimulia kisa kizima. Blanketi likitundikwa ukutani, mtu husimama akalisoma kama ukurasa.

Ni watu wangapi Shinyalu, Khwisero au Navakholo ambao wana kisa cha kusimulia na hawana mchapishaji? Wangapi hawakumaliza shule, ila wanaweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kutazama mara mbili?

Nguo za marehemu

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Katika jamii nyingi za Waluhya, siku chache baada ya mazishi ndugu hukutana, watu hunyoa nywele, madeni ya marehemu hutajwa na nguo zake hugawanywa. Koti linakwenda kwa kaka, kofia kwa mjomba, shati kwa mpwa. Mila hiyo ina hekima yake, maana kila mmoja anaondoka na kitu cha mpendwa wao. Lakini zipo nguo ambazo hakuna anayezitaka: suruali ya shamba iliyotoboka magotini, shati la kazi lililopauka, shuka ya hospitalini. Hizo hubaki kwenye kona, na mjane hajui afanye nini nazo.

Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, mkulima mmoja alifariki. Mkewe, Missouri Pettway, alikusanya nguo zake za kazi, suruali na mashati aliyolimia, akazikata na kuzishona kuwa blanketi. Binti yake, aliyemsaidia akiwa bado msichana, alisimulia baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa upendo wake. Kwenye blanketi hilo yanaonekana madoa, na pale mifuko ilipobanduliwa kitambaa kina rangi iliyoiva kuliko kilichokizunguka kwa sababu jua halikukifikia. Maisha yote ya mtu kazini yameonekana kwenye umbo la mfuko.

Wanawake wa Gee's Bend walishona kwa vizazi ili watoto wasipate baridi. Mwaka 2002 mablanketi yao yalionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 zenye picha za kazi zao.

Mjane wa Kakamega anaweza kufanya hivyo hivyo. Lakini afanye kwa adabu ya hapa. Asubiri mpaka mgao wa nguo ukamilike. Awaambie wazee wa ukoo na wakwe anachokusudia, kwa kuwa zipo familia zenye miiko kuhusu nguo za marehemu, na blanketi la kumbukumbu lisilete ugomvi mahali palipohitaji faraja. Akipata ridhaa, awaite watoto wamsaidie kukata. Wakiwa wanakata watauliza maswali: Baba alivaa hii lini? Hili doa ni la nini? Mara nyingi maswali hayo ndiyo yanayofungua mazungumzo ambayo nyumba nzima ilikuwa ikiyaogopa.

Viraka vya wengi

Mtu hujieleza peke yake, na watu wengi pia hujieleza pamoja. Tarehe 11 Oktoba 1987, mjini Washington, yalitandazwa uwanjani mapande 1,920 ya kitambaa. Kila pande lilikuwa na upana wa futi 3 na urefu wa futi 6, ukubwa wa kaburi, na kila moja lilibeba jina la mtu aliyefariki kwa UKIMWI. Yalishonwa na mama, wachumba, marafiki na ndugu. Wakati huo watu wengi waliogopa hata kuutaja ugonjwa huo. Mapande yale yalitaja majina.

Magharibi mwa Kenya inaujua vizuri ukimya huo. Nyumba nyingi zilizika watu katika miaka hiyo bila kusema kilichowaua.

Hapa nchini, jijini Nairobi, tangu mwaka 1996 kikundi cha Amani ya Juu kimewakutanisha wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wengi wao wakiwa wamekimbia vita, ili washone pamoja. Miongoni mwa kazi zao kuna mablanketi ambamo vipande vya wanawake wa mataifa tofauti vimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Watu ambao nchi zao au makabila yao yalipigana wamekaa meza moja, wakiazimana mkasi.

Jinsi ya kuanza

Anayetaka kuanza asianze na blanketi la kitanda. Aanze na kitu kidogo cha ukubwa wa foronya ya mto wa kiti. Hatua ni hizi.

Kwanza, kusanya vipande. Ongea na fundi wa nguo akuwekee masalio badala ya kuyafagia. Pitia pia mitumba iliyochakaa nyumbani. Tenga vitambaa vinavyovutika na visivyovutika, kwa kuwa vikishonwa pamoja blanketi litajikunja.

Pili, fua vitambaa vyote kabla ya kukata, hasa vitenge vyenye rangi kali. Vinavyotoa rangi vifuliwe kando mpaka maji yawe safi. Kisha vipigwe pasi.

Tatu, kata miraba 16 yenye sentimita 12 kila upande. Ukiacha sentimita 1 ya mshono kila upande, kila mraba utabaki na sentimita 10, na safu nne za miraba minne zitakupa kazi ya sentimita 40 kwa 40. Ukizoea, kata miraba 80 ya sentimita 22. Safu 10 za miraba minane zitakupa blanketi la sentimita 160 kwa 200.

Nne, kabla ya kushona, tandaza vipande mkekani. Visogeze. Viache usiku mmoja, uvitazame tena asubuhi. Hapa ndipo kazi inapokuwa yako. Jiulize: kipande gani kitakaa katikati, na kwa nini? Ukitaka kuweka picha, kata umbo lake, libandike juu ya mraba na kushona kingo zake kwa mishono midogo.

Tano, unganisha miraba safu kwa safu, kisha safu kwa safu nyingine. Weka blanketi kuukuu katikati na shuka chini. Shikiza tabaka zote kwa uzi wa muda, kisha pitisha sindano juu na chini ukianzia katikati kuelekea kingoni, au uanzie kingoni kama wanawake wa Siddi. Malizia kwa kukunja ukingo.

Sita, na hatua hii wengi huisahau: shona jina lako, mahali na mwaka kwenye pembe ya nyuma. Kwenye daftari andika kila kipande kilitoka wapi na picha zina maana gani. Maana ya kazi ya Harriet Powers inajulikana kwa sababu kuna aliyeiandika. Vipo vitambaa vingi vizuri katika nyumba zetu ambavyo aliyevishona amekwisha kusahauliwa.

Haki ya mwenye kazi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na inataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Uhuru huo hauko kwa waandishi wa magazeti na wanamuziki pekee. Mkulima anayetaka kushona shamba la miwa lililongoja kuvunwa mpaka likakauka ana haki ya kulishona. Mama anayetaka kushona furaha ya mtoto wake kumaliza chuo ana haki hiyo hiyo.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazihesabu kazi za mikono kuwa kazi za sanaa. Muundo wako wa asili ni wako tangu unapoutengeneza, na ulinzi huo unaendelea kwa miaka 50 baada ya kufariki kwako. Unaweza pia kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ili uwe na ushahidi ikitokea mtu ameunakili.

Kuhusu bei, kumbuka dola tano. Anayetaka kuuza na aandike saa alizotumia. Tuseme blanketi limechukua saa 60, na mshonaji amejiwekea shilingi 80 kwa saa. Kazi peke yake ni shilingi 4,800, kabla ya uzi, kitambaa cha chini na usafiri. Mteja akitaja shilingi 1,500, mshonaji atajua kwa hesabu ni kiasi gani anaombwa kutoa bure. Tena yapo mablanketi ya kuuza na yapo yasiyouzwa. Lililoshonwa kwa nguo za baba libaki na watoto.

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Wananchi wana nafasi ya kusema wanataka nini katika maeneo hayo. Vikundi vinavyotaka mafunzo ya ushonaji, mahali pa kukutania au nafasi ya kuonyesha kazi vinahimizwa kuwasilisha ombi kwa maandishi kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, na kuhudhuria vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti. Ombi lisilotolewa haliingii kwenye mpango.

Wadi 60, viraka 60

Kaunti ya Kakamega ina kaunti ndogo 12 na wadi 60. Hebu fikirini kila wadi ikishona mraba mmoja wa sentimita 30. Safu 10 za miraba sita zingekuwa blanketi la upana wa sentimita 180 na urefu wa mita 3.

Watu wa Mumias na Matungu huenda wakashona miwa. Lugari na Likuyani wangeleta mahindi. Ikolomani wangeweza kushona mashimo ya dhahabu yaliyochimbwa tangu miaka ya 1930. Shinyalu wangeleta mbega na miti ya msitu, au ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho, ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mwingine angeshona jiwe la Ilesi linalotoa machozi. Na bila shaka wapo ambao wangeacha miwa, ngoma na jiwe, washone kitu ambacho hakuna anayekitarajia: mlango wa zahanati alikojifungulia, baiskeli ya bodaboda iliyomsomesha ndugu yake, au kiti kitupu mezani.

Hivyo visivyotarajiwa ndivyo ambavyo wengine wangesimama kuvitazama kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo, ukitoka hapa, usiende moja kwa moja nyumbani. Pitia kwa fundi wako wa nguo kabla hajafagia. Mwombe vipande vya leo. Haba na haba hujaza kibaba, na kipande cha kwanza utakachochagua kati ya hivyo ndilo neno lako la kwanza.